USHAURI WA BWANA SHAMBA: Nywele Ndefu Huanza na Nywele Fupi

Kazi yangu ni mazao, si nywele. Lakini mwezi huu tuzungumze juu ya nywele, maana jambo hili limefika nyumbani kwangu.

Binti yangu alimaliza kidato cha nne. Shuleni kwao wasichana wote walikata nywele fupi. Alipomaliza alitaka nywele ndefu upesi. Akatia dawa ya kunyoosha, tena mara kwa mara. Baada ya miezi michache nywele zikaanza kukatika. Kila akichana, chanuo lilijaa. Akawa anafunga kitambaa kutwa, hata ndani ya nyumba. Nilipomwambia azikate, alilia. Alisema, "Baba, nikikata watu wataniona mwanafunzi tena."

Labda na wewe una binti kama huyu. Basi tufikiri pamoja.

Baadhi ya dawa za kunyoosha zina kostiki soda. Akina mama wanaotengeneza sabuni wanaijua. Inaunguza. Dawa ya namna hiyo hudhoofisha nywele, na huweza kuchoma ngozi ya kichwa.

Unywele ulioharibika hauponi. Sehemu iliyo nje ya ngozi haina uhai. Hakuna mafuta ya kuifufua. Uhai uko kwenye mzizi, ndani ya ngozi.

Mkulima wa kahawa anajua jambo hili. Mti uliochoka hukatwa, likabaki shina fupi. Kisha machipukizi mapya hutoka. Lakini kwa nywele kuna tofauti. Kukata hakuzifanyi ziote upesi zaidi. Kunaondoa zile mbovu tu, ili zile mpya zisikatike pamoja nazo.

Je, ukate namna gani? Tazama kwanza hali ya kichwa chako.

1. Kama ncha tu ndizo mbovu, punguza ncha. Acha zilizobaki.

2. Kama zimeharibika kichwa kizima, kata zote ziwe sawa. Bakiza zile mpya, sentimeta 2 au 3. Si lazima kunyoa kipara.

3. Kama zimetoka pembeni mwa paji la uso, mara nyingi sababu ni kusuka kwa kukaza. Kukata peke yake hakutoshi. Acha kukaza. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukichelewa sana, mizizi hufa.

4. Kama kuna vidonda au mabaka yenye magamba, nenda zahanati kwanza. Huenda ni mapunye. Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa vidonge. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Usiazimane chanuo na mtu.

Kwa kinyozi, hakikisha wembe ni mpya na mashine imesafishwa. Damu ya mtu mwingine huweza kuleta UKIMWI na homa ya ini.

Ukisha kukata, tunza. Osha kichwa kila wiki moja au mbili. Chana nywele zikiwa na unyevu, kwa chanuo la meno mapana. Anzia kwenye ncha, uende kwenye mizizi. Paka mafuta kidogo, kama ya nazi. Suka kwa kulegeza. Kula maharage, dagaa, mayai na mboga za majani. Nywele nazo hujengwa kwa chakula.

Halafu vumilia. Nywele huongezeka karibu sentimeta 1 kwa mwezi. Anayekuuzia dawa ya kukuza nywele kwa wiki moja anataka fedha yako tu.

Binti yangu alikubali mwishowe. Mama yake alimkata kwa mkasi, uani. Zilibaki sentimeta 2. Kila mwisho wa mwezi huvuta unywele mmoja, akaupima kwa rula yake ya shule. Sasa ni miezi mitano. Juzi rula ilionyesha sentimeta 7. Kitambaa kimerudi sandukuni.

Ndugu msomaji, usione haya kuanza na fupi. Kata kilichoharibika, utunze kilicho hai.