Rotari ni ya mbio, si ya mlima wa Tukuyu

Mwaka 1991 gari la Mazda 787B lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa injini ya rotari. Injini hiyo haina pistoni. Ndani yake huzunguka rota za pembetatu. Kwa ujazo wa lita 2.6 tu ilitoa nguvu za farasi zipatazo 700. Mwaka uliofuata kanuni mpya ziliifungia mlango, jambo la kusikitisha, kwani uwezo wake katika mbio ulikuwa bado haujaisha.

Lakini mfanyabiashara wa Masoko mwenye fedha za ndizi asidanganyike na sifa hiyo akanunua RX-8 ya mtumba kwa kuwa bei inavutia. Rotari hupata nguvu inapozunguka kwa kasi sana. Kupanda Tukuyu na mzigo, tena kwenye utelezi, kunataka nguvu ya mwendo wa polepole. Inakunywa petroli, na oili pia huiunguza, kwani ndivyo ilivyoundwa. Sili za ncha za rota zikilika, mgandamizo huvuja, na mafundi wengi wamezoea pistoni. Mazda iliacha kuunda RX-8 mwaka 2012. Pikapu kuukuu ya dizeli, ambayo fundi wa karibu anaijua, itamfikisha sokoni.