Jiwe la askari katika chuo kikuu: wagombane, lakini wafungue faili kwanza

Mwezi wa pili mwaka wa 2006, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, katika mji wa Seattle huko Marekani, waliketi katika bunge lao ili kuamua jambo lililoonekana dogo. Je, chuo kisimamishe kumbukumbu ya Gregory Boyington, mwanafunzi wa zamani aliyemaliza masomo ya uhandisi wa ndege mwaka wa 1934, kisha akawa rubani wa vita? Kura ziligawanyika katikati, 45 kwa 45. Mwenyekiti wa kikao ndiye aliyevunja usawa, na kura yake ilikuwa ya kukataa.

Boyington alikuwa mtu gani? Mwaka wa 1943 aliongoza kikosi cha marubani waliojulikana kwa jina la Kondoo Weusi, wakipigana na Wajapani juu ya visiwa vya Solomon. Tarehe 3 Januari 1944 ndege yake iliangushwa karibu na Rabaul. Wajapani walimwokota baharini, wakamtia kifungoni kwa muda wa miezi 20 hivi. Inchi yake ilidhani amekufa, ikamtunukia nishani ya juu kabisa ya jeshi la Marekani. Vita vilipokwisha alirudi akiwa hai, akaipokea mwenyewe mikononi mwa Rais Truman. Hakuwa mtakatifu. Pombe ilimharibia mambo mengi, na yeye hakuficha. Aliandika hayo katika kitabu chake.

Lakini si pombe iliyomkosesha jiwe. Katika kikao kile mwanafunzi mmoja alisema haamini kwamba askari wa kikosi cha Marine ni mfano wa mtu ambaye chuo kinataka kumtoa. Mwingine alisema chuo kimekwisha kujaa kumbukumbu za wazungu matajiri. Tena iliulizwa kama inafaa kumheshimu mtu kwa sababu aliua watu wengine.

Habari ilipotoka nje, Marekani nzima ilipiga kelele. Wapiganaji wa zamani walikasirika, watangazaji wa redio walipata mazungumzo ya wiki nzima, na vijana wale walimwagiwa matusi. Waliotukana hawakusaidia kitu. Mtu anayedai kutetea heshima ya askari kwa kumtisha mwanafunzi wa miaka 20 hajui anatetea nini.

Hata hivyo wanafunzi wale walikosea, na kosa lao lina faida kwa mtu wa Bukavu au wa Kisangani kulichunguza. Swali la tatu, lile la kuua, lilikuwa swali la haki. Chuo kikuu ni mahali pa kuuliza maswali ya namna hiyo, na askari wengi waliorudi kutoka vitani hujiuliza wenyewe usiku. Kosa lilikuwa katika jibu la pili. Boyington hakuwa tajiri. Siku za likizo alifanya kazi katika kambi za machimbo na za kukata miti ili apate pesa ya masomo. Na katika damu yake, kama ilivyojulikana, mlikuwamo damu ya Wasioux, mojawapo ya makabila yaliyokuwa na inchi ile kabla mzungu hajafika. Kwa maneno mengine, watu walipiga kura juu ya mtu ambaye hawakufungua faili lake. Walimwona Askari, walimwona Mzungu, basi, wakamaliza.

Miezi miwili baadaye bunge lile lile lilirudi juu ya jambo hilo. Safari hii halikuongea juu ya mtu mmoja. Likakubali kumbukumbu ya wanafunzi wote wa chuo waliopata nishani ile. Ilizinduliwa tarehe 11 Novemba 2009, ikiwa na majina manane, mahali inapoishia barabara ya chuo yenye miti 58, miti iliyopandwa kwa ajili ya watu wa chuo waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa hila ya wanasiasa: ukishindwa kukubaliana juu ya mmoja, mchanganye na wengine saba. Pengine ilikuwa hivyo. Lakini tazama kilichotokea walipoanza kutafuta majina.

Walimkuta William Nakamura. Kijana huyu alizaliwa Seattle, wazazi wake wakiwa wenye asili ya Japani. Mwaka wa 1942 serikali ya Marekani iliwakusanya watu wa asili hiyo, raia na wasio raia, ikawafungia katika kambi; yeye na jamaa yake walipelekwa Minidoka, katika Idaho. Akiwa mtoto wa watu waliofungwa na serikali, aliingia jeshi la serikali hiyo hiyo. Tarehe 4 Julai 1944, huko Italia karibu na Castellina, aliwafunika wenzake kwa risasi ili warudi nyuma salama, akauawa. Nishani ya juu hakuipata wakati huo. Ilikuja mwaka wa 2000, miaka 56 nyuma ya kifo chake. Na chuo chenyewe, kilichokuwa kimewapoteza mamia ya wanafunzi wa asili ya Japani mwaka ule wa 1942, kiliwapa shahada za heshima mwaka wa 2008 tu, wengi wakiwa wazee au wamekwisha kufa.

Walimkuta pia John Hawk, aliyejeruhiwa huko Ufaransa mwaka wa 1944 akivielekeza vifaru vya upande wake kwa kujiweka mbele ya risasi za adui. Baada ya vita alisoma katika chuo hicho, kisha akafundisha watoto wa shule ya msingi miaka mingi, akawa mkuu wa shule. Na Bruce Crandall, rubani wa helikopta, ambaye katika Vietnam, mwezi wa 11 mwaka wa 1965, alirudi mara kwa mara mahali ambapo risasi zilikuwa zinanyesha ili kuchukua majeruhi. Nani angesema juu ya hawa kwamba si mfano wa mtu ambaye chuo kinataka kumtoa?

Ndiyo tofauti kati ya kubishana juu ya «askari» na kubishana juu ya jina. Jina lina mama, lina kijiji, lina siku ya tendo. Unaweza kulikataa, lakini itabidi uliseme kosa lake.

Sasa Kongo iko wapi katika hadithi hii ya Seattle? Iko ndani kabisa. Boyington alitoka kifungoni mwishoni mwa mwezi wa 8 mwaka wa 1945, wiki chache tu nyuma ya bomu la Hiroshima. Uranium ya bomu lile, sehemu yake kubwa, ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, chini ya Union Minière. Waliochimba na kubeba madini yale kwa mikono yao walikuwa Wakongomani. Shujaa ana jiwe lenye jina lake. Wachimbaji wanatajwa kwa neno moja: wafanyakazi.

Tena, vita vile vile vya Asia viliwakuta Wakongomani wengine wakiwa huko huko. Hospitali ya jeshi kutoka Kongo ya Wabeleji ilihudumia majeruhi katika Burma. Mmoja wa waliofika huko, Kaporali Albert Kunyuku, alivishwa nishani mjini Kinshasa mwezi wa 6 mwaka wa 2022. Alikuwa na umri wa miaka 100. Aliyemvisha ni Philippe, Mfalme wa Ubeleji. Picha ilizunguka dunia nzima na wengi walifurahi, kwa haki. Lakini mzee alingojea zaidi ya miaka 75, na mkono uliomheshimu ulitoka Brussels.

Hapa ndipo ugomvi wa Wakongomani wenyewe unapoanza, na ni mkali kuliko ule wa Seattle. Force Publique haikuwa jeshi la kawaida. Leopold wa Pili aliiunda mwaka wa 1885, na ndiyo iliyoshika fimbo na bunduki katika miaka ya mpira, ikachoma vijiji na kukata mikono. Jeshi hilo hilo liliingia Tabora mwaka wa 1916, na nyuma yake walikuwa wapagazi, wengi wao wakitolewa vijijini kwa nguvu, wengi wakifa njiani kwa njaa na magonjwa. Mwaka wa 1941 liliwashinda Waitalia huko Saïo, katika Ethiopia. Na mwaka wa 1944, katika Luluabourg, askari wake walisimama juu ya wakubwa wao wa kizungu. Kijana wa chuo akiambiwa kuna jiwe linakuja mbele ya auditwari yake kwa heshima ya jeshi hilo, ana haki ya kuuliza: jeshi lipi kati ya hayo manne?

Wanaosema «walikuwa watumishi wa mkoloni, waachwe» wanafanya kosa la Seattle. Wanamtazama askari wa 1941, kijana aliyetolewa kijijini pengine bila kuulizwa, wanamhukumu kwa mikono iliyokatwa kabla hajazaliwa. Wanaosema «ni mababu, wasimamishiwe sanamu, tumalize» wanafanya kosa jingine, maana sanamu moja ya askari asiye na jina itamfunika mpagazi, na itamfunika pia mtu wa kijiji kilichochomwa. Sanamu ya namna hiyo Wabeleji walikwisha kujijengea nyingi.

Vyuo vikuu vya inchi hii vina wanafunzi wa historia wanaoandika kazi za mwisho kila mwaka. Vina vijana ambao babu wa babu yao alikwenda Tabora na hakurudi, na nyumbani kwao lingali linatajwa jina. Katika Kivu, Maniema na Tshopo wangali wako wazee waliosikia hadithi hizo kwa baba zao, lakini wanapungua kila msimu wa mvua. Karatasi za jeshi na za Union Minière nyingi ziko Ubeleji, na kuziomba kunahitaji barua ya rekta, si jiwe wala saruji. Orodha ya majina 20 ya wapagazi wa eneo moja, yenye kijiji cha kila mmoja, ikibandikwa mlangoni mwa maktaba, italeta ugomvi wake pia. Jamaa watakuja kusema huyu aliandikwa vibaya, huyu alikuwa kapita aliyewapiga wenzake, huyu mbona hayumo.