Kuku wa Kambini na Unga wa Vitamini

Kila kiangazi kinapowadia kaskazini mwa Uganda, katika nyumba za askari huanza kilio kile kile: kuku wanahema midomo wazi, mayai yana ganda jembamba, na chanjo ya mdondo iliyotolewa juzi haikuwakinga. Mke wa askari hukimbilia dukani akarudi na pakiti ya unga wa vitamini. Hatumlaumu hata kidogo. Lakini yafaa tuulize unga huo unafanya kazi gani.

Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na hewa ikipita nyuzi 30 msaada wake mkubwa ni kuhema. Kwa kuhema mno hupoteza hewa ya kaboni, asidi ya damu ikapungua, na ganda la yai likakosa chokaa. Chakula nacho hukiacha. Zaidi ya hayo, mwili hutoa homoni ya taharuki ambayo, ikidumu, hudhoofisha viungo vinavyozalisha chembe za kupigana na maradhi. Mlinzi aliyekeshwa siku 3 bila chakula hapigi shabaha. Ndivyo ilivyo chanjo katika mwili wa kuku huyo.

Hapo ndipo vitamini zinapofaa. Kuku hujitengenezea vitamini C katika figo, lakini joto likizidi hiyo haimtoshi. Majaribio yameonyesha kuwa miligramu 200 hadi 250 katika kila kilo ya chakula, pamoja na vitamini E, zinki na seleniamu, huweza kusaidia kinga isiporomoke. Husaidia, nasema, haziponyi. Tena vitamini C ikikaa majini juani huharibika upesi.

Langu mimi ni hili: pakiti isitangulie kivuli. Banda la mabati matupu linaloelekea jua la jioni halitibiwi na unga wowote. Tandika nyasi juu ya mabati, weka maji ya baridi, ondoa chakula kabla ya adhuhuri ukirudishe jioni, nawe uchanje alfajiri. Soma pia maandishi ya pakiti, kwani baadhi zina oksitetrasaiklini, ambayo ni dawa wala si lishe, na mayai ya siku za dawa hayafai kupewa watoto.

Makamanda nao, wanapopanga nyumba za kambi, watenge mahali penye upepo pa kujengea mabanda. Miti na nyasi zipo.