Shabaha na Tarikhi

Bwana aliyeandika gazetini kwamba vijana wa mijini wafundishwe shabaha ili, kwa njia hiyo, waijue na kuienzi tarikhi ya nchi yao, ametoa rai yenye nia njema na hoja dhaifu. Kulala kifudifudi, kitako cha bunduki kimebanwa begani, pumzi imezuiwa, kidole kikifyatua bila papara, ni ilimu ya mwili, nalo Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoundwa mwaka 1963, huifundisha barabara; lakini haimwambii mtu lolote juu ya tarikhi, kwa mfano ile ya Shinyanga.

Na Shinyanga ndiyo inayomkadhibisha. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilipozagaa mikononi mwa wezi wa ng'ombe, Wasukuma na Wanyamwezi wa pande za Kahama, mkoani humo, walijikusanya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakawa Sungusungu, silaha yao upinde na mishale, na filimbi ambayo ikilia kijiji hutoka kizima, na cha jirani kikaipokea, mpaka mwizi azingirwe. (Kwamba baadhi yao waliwadhulumu vikongwe waliosingiziwa uchawi, hilo nalo ni fungu la tarikhi, wala lisifichwe.)

Basi awapeleke vijana wake kwanza Kahama, wawasikilize wazee waliozipuliza filimbi hizo. Wakitaka uwanja wa shabaha baadaye, JKT haijafunga milango.