Kariakoo Haikuota Yenyewe

Hoja iliyochapishwa karibuni, kwamba Kariakoo, Dar es Salaam, ni soko lililokua ovyo na halina historia ya kulindwa, naikataa. Mitaa yake imenyooka kwa sababu ilipimwa. Waingereza waliifanya makazi ya Waafrika, na Mnazi Mmoja wakapaacha wazi ili patenge makazi hayo na mji wa Wazungu na Wahindi. Mwandishi wa hoja hiyo anauita mpango huo uovyo. Mimi nauita ubaguzi uliochorwa kwenye ramani.

Humo watu walijenga nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani kwa kupikia na kufulia. Wapangaji kutoka bara na pwani waliteka maji pamoja na kuzikana. Hapo ndipo TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipozaliwa Julai 7, 1954, kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba. Na soko lenyewe, lenye paa la zege la miavuli, alilisanifu Mtanzania, Beda Amuli.

Eti kubomoa nyumba hizo za Kiswahili na kujenga maghorofa ndiyo maendeleo! Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapohapo, likaua watu. Kabla ya kibali kingine cha kubomoa, nyumba zilizobaki ziorodheshwe na zipimwe, na wazee waliozikalia wahojiwe.