Mashine Isitukatie Majina



Katika ghala moja la Lilongwe, karani wa mishahara alimwita kibarua mwenzetu kutoka Dzaleka kwa jina la Ndayikenguru. Jina lake ni Ndayikengurukiye, herufi 16, na ndivyo lilivyo kwenye kitambulisho chake cha ukimbizi. Kompyuta ya ghala ilikuwa na nafasi 12. Karatasi ya mshahara haikulingana na kitambulisho, mwenzetu akanyimwa fedha zake, akapanda basi la Dowa mikono mitupu.

Karani alituambia, "Mashine ndivyo ilivyo." Hatukubali. Mashine haikuzaliwa na nafasi 12. Kuna mtu aliyeiandika hiyo namba.

Tabia hii ina asili yake. Kadi za matundu za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80. Skrini za maandishi zilizofuata, kama VT100 ya mwaka 1978, zikawa na herufi 80 kwa mstari, mistari 24. Jina, namba ya kazi, siku na malipo vikabanana humo, kila kimoja kikapimiwa kipande chake. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ghali siku zile. Leo ni rahisi, ila kipimo kimebaki.

Na dawa ipo, hata kwenye skrini hizo hizo za maandishi. Programu kama ncurses humwezesha fundi kuacha kisanduku kikue kadiri karani anavyoandika: zinaonekana herufi 12, na zinazozidi husogea pembeni bila kupotea. Kikomo huweka fundi mwenyewe, hata 60. Lakini faili linalohifadhi majina lazima lipanuliwe pia, ama sivyo jina litaonekana zima kwenye skrini, kisha likatwe gizani. Hilo ni baya zaidi, maana hata karani hataliona.

Dzaleka imepokea wakimbizi tangu mwaka 1994. Miaka zaidi ya 30 si michache kwa mwajiri kujifunza majina ya Warundi, Wanyarwanda na Wakongo.

Tunawataka wawakilishi wetu walipeleke jambo hili mezani kwa waajiri. Nafasi ikijaa, mashine ikatae na kumwambia karani, isikate kimya kimya. Na kabla ya yote, yule mwenzetu alipwe fedha zake.