Mdiria asipigwe manati, bwawa lifunikwe wavu

Mwenye bwawa la samaki Kasulu au Kibondo akimwona mdiria mdogo ametua kwenye tete, wazo la kwanza huwa manati. Ndege huyu ana urefu wa sentimita 13 hivi, mgongo wa buluu inayong'aa, kishungi kichwani na mdomo mwekundu. Hutulia kimya, kisha hujitupa majini kama jiwe na kuibuka na samaki. Kwa aliyenunua vifaranga vya perege kwa fedha taslimu, huo ni wizi wa mchana.

Lakini hesabu ifanywe vizuri. Ndege wa gramu 15 hivi hawezi kummeza perege aliyefikia ukubwa wa kiganja. Anachokula ni vifaranga, na pia wadudu wa majini, ambao baadhi yao ni walaji wa vifaranga hivyohivyo. Kinachotakiwa ni kufunika kidimbwi cha vifaranga kwa wavu uliokazwa vizuri (ukilegea utamnasa ndege bure) hadi samaki wakue.

Hasara kubwa zaidi ni kufyeka matete yote ili mdiria akose pa kutua. Ukingo ukibaki uchi, mvua huumomonyoa na tope hujaa majini. Mdiria huchimba kiota kwenye ukingo wa udongo na huhitaji maji maangavu ili amwone samaki. Akitoweka, mfugaji akague maji yake kabla ya kushangilia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka mtoni shughuli zinazoweza kuharibu mazingira. Mlima mboga wa bondeni atasema mita 60 ndilo shamba lake lote, na hasemi uongo. Halmashauri ikimwondoa bila kumwonyesha pa kulima, atarudi. Ianze basi na matete ya ukingoni, ambayo kuyaacha hakumgharimu mtu sana.

Maji ya mabonde haya huteremkia Malagarasi, kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza nchini kuingizwa katika mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Anayevua huko juu kwa utupa au dawa ya shambani haui samaki wa kitoweo chake tu. Anaua na vifaranga ambavyo wavuvi wa chini wangevikuta vimekua, na huyo hakuna anayemnyooshea manati.